Nyumba ya Masasi Sikuiaga

Kabla hujasema lolote, nikwambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni afisa ugani wa kilimo, na kwa zaidi ya miaka ishirini na tano kazi yangu imekuwa ni kuangalia. Mkulima akiniambia mkorosho wake umerogwa, naenda, nageuza jani, namwonyesha ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, namwambia apulizie dawa ya salfa, narudi ofisini. Nimewacheka wengi. Kwa hiyo usidhani anayekusimulia ni mtu wa kuona mashetani kila kona. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na wapo watu wa kuyathibitisha, mmoja wao ni mtoto wa miaka minne ambaye bado hajajifunza kusema uongo.

Kwetu ni Singida, lakini nimezeekea kusini. Huku wote wananiita Bwana Shamba, wakubwa kwa wadogo, ofisini na mashambani. Aliyekuwa akiniita Baba Tumaini ni mke wangu peke yake. Tumaini ndiye binti yetu, ameolewa Mwanza, ana watoto na ana shughuli zake.

Nyumba yetu iko Masasi, upande ule yanakoanzia majabali. Tuliijenga kwa miaka tisa, mimi na Mama Tumaini, chumba kwa chumba, mwaka wa korosho nzuri tunapandisha ukuta, mwaka mbaya tunautazama. Ilipokwisha alikwenda kwa seremala akachongesha kiti kimoja cha mbao chenye mgongo mrefu, akakiweka barazani, akasema hicho ni chake na mtu asikikalie. Kila jioni nikirudi kazini nilimkuta hapo na birika. Nikichelewa hata kidogo ananiambia, "Baba Tumaini, chai imepoa." Chai yenyewe inatoa moshi. Lakini ndivyo alivyosema, kila siku, na mimi kila siku nilijibu kwamba chai ya baridi ni dawa ya meno.

Alifariki chumbani mwetu, asubuhi, miaka mitatu iliyopita. Sitakusimulia hilo.

Kisha nikahamishiwa Newala. Nilikuwa nimebakiza miaka minne kustaafu, na rafiki zangu wakaniambia, uza ya Masasi, nunua ya kustaafia huko juu, kuna hewa nzuri. Kuuza sikuweza. Nikapata wazo nililoliona la kijanja: nitaipangisha ya Masasi, kodi yake inisaidie kulipia nyingine kidogo kidogo, na siku ya mwisho nitakuwa na nyumba mbili. Nilijisifu sana. Mjanja wa nyumba mbili, hata leo najicheka.

Wapangaji niliwapata haraka, mwalimu kijana kutoka Mbeya, mkewe Mama Kelvin, na mtoto wao Kelvin. Watu safi, wenye adabu. Siku ya kuhama gari la mizigo lilikuja mapema. Chumba chetu cha kulala nilikifunga kwa ufunguo, nguo za mke wangu zikiwa bado kabatini, picha zake zikiwa bado ukutani, nikamwambia Mama Kelvin kwamba hiyo ni stoo yangu wasijali. Kiti cha barazani nilikiacha. Nilisema hakikuenea kwenye gari, na huo ni uongo, kingeenea. Nikapanda mbele kwa dereva, nikaondoka bila kugeuka, kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi akarudi.

Kumbuka hapo. Makosa yote yalianzia hapo.

Nyumba niliyoipata iko Mkunya, si mbali na Newala mjini. Ya tofali za kuchoma, bati jekundu, mikorosho miwili nyuma, na uani kisima. Uwandani kule mito hakuna, maji yako chini kabisa mabondeni, basi mwenye uwezo huchimba kisima, akakisakafia kwa saruji, akaelekeza mifereji ya bati humo, mvua inajaza, unatumia mwaka mzima kwa kujibana. Kisima cha nyumba ile kilikuwa kikubwa kuliko vya majirani wote, na nakiri ndicho kilichonivuta.

Muuzaji ni kijana anaitwa Saidi, ana duka la vipuri Mtwara. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Nilimuuliza mama yake yuko wapi, akasema amemchukua, anaishi naye, ameridhika. Tukaandikiana kwa mwenyekiti wa kijiji, nikalipa nusu, iliyobaki tukakubaliana nilipe kwa miezi. Alikuwa na haraka. Muuzaji mwenye haraka hukufurahisha, wala hujiulizi anakimbia nini.

Jirani yangu ni Mama Fatu, mjane kama mimi, mkulima wa muhogo na korosho. Siku ya kwanza alikuja na ndoo kichwani, akanisalimia vizuri, akaenda moja kwa moja kisimani, akachota, akaondoka. Nikatoa macho. Jioni wakaja wengine wawili. Kesho yake watatu. Mimi natokea Singida bwana, kule maji hayana undugu. Jumamosi nikaenda sokoni Newala nikanunua kufuli, nikalipiga kwenye mfuniko.

Mama Fatu alikuja na ndoo yake, akalitazama lile kufuli muda mrefu. "Mama Saidi hakuwahi kukifunga," alisema.

"Mama Saidi yuko Mtwara," nikamjibu. "Mwenye nyumba sasa ni mimi."

"Mh," akasema. "Haya, Bwana Shamba." Akageuza.

Tangu siku hiyo salamu za majirani zilikuwa fupi. Shikamoo, marahaba, kila mtu na njia yake. Nikawa narudi kazini, napika ugali wangu, nasikiliza redio, nalala. Kulikuwa na siku nilizozimaliza bila kutamka neno ambalo halikuhusu korosho. Nilianza kuongea na sufuria. Unacheka? Kaa peke yako miezi mitatu halafu uniambie.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni uwanja. Nilirudi nikakuta uani pamefagiwa, tena kwa ule ufagiaji wa zamani wa mistari iliyolala upande mmoja. Nikadhani Mama Fatu anatafuta suluhu. Nikafurahi kimya kimya. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Ikafika Julai. Kama hujawahi kufika Newala wakati wa Julai hujui baridi ya kusini. Ukungu unapanda kutoka bondeni unameza nyumba, mikorosho huioni. Jioni moja, kama saa kumi na mbili kasoro robo, nimekaa barazani namenya muhogo, nikasikia ufagio nyuma ya nyumba. Shwa, shwa, shwa. Nikazunguka.

Alikuwa bibi mfupi, amejifunga kanga iliyofifia, usoni ana chale za Kimakonde za wazee wa zamani. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, mboni za kijivu kabisa, lakini alikuwa anafagia na hakuna jani la mkorosho lililompita. Nataka kukwambia kitu. Mimi nimelelewa kama wewe, nimesimuliwa habari za majini wenye kwato, basi jambo la kwanza nililofanya ni kumtazama miguu. Ilikuwa miguu ya bibi yeyote wa shamba, imepasuka visigino, ina udongo. Nikajionea aibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ntoto wangu." Hakuacha kufagia. "Maji umeyafungia nini? Yamekukosea?"

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nihamie. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikafungua kufuli. Akateka ndoo moja, akanawa miguu taratibu, mmoja kisha mwingine, akakaa kwenye ukingo wa kisima kama mtu aliyefika.

"Wewe baba nani?" akaniuliza.

Huku hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. "Baba Tumaini," nikamjibu.

"Baba Tumaini," akarudia. "Na Mama Tumaini?"

"Alifariki, mama."

"Umemwacha wapi?"

Nilidhani anaulizia kaburi. "Masasi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi utakuwa unakwenda na kurudi," akasema.

Nikamwambia hapana, sijawahi kurudi tangu nihame, kazi ni nyingi. Giza lilipoanza kuingia nikaingia ndani kuleta taa, nilipotoka hakuwepo. Wazee wa huku wana miguu myepesi, nikajisemea.

Alikuja tena kesho yake, na keshokutwa. Karibu wiki mbili alikuja, wakati ule ule. Mimi nikaanza kutoroka ofisini mapema. Tulizungumza habari za mvua, za muhogo, za watoto wanaokwenda mbali. Nilipomkaribisha chakula alisema, "Nimekula huko." Na kila siku, katikati ya mazungumzo, alirudia maneno yale yale: "Mimi nimekwenda kutazamwa macho tu. Saidi kasema siku tatu."

Utaniuliza, kwa nini hukumuuliza ni nani? Hapo unanigusa. Jina la Saidi nilikuwa nalijua. Nilijiambia Saidi ni wengi, bibi ni wa majirani, kumbukumbu imeanza kumtoka. Ukweli ni kwamba sikutaka kujua. Kulikuwa na mtu duniani ananiita Baba Tumaini na ananisubiri jioni. Ungeuliza wewe?

Lakini kazi yangu ni kuangalia, na mazoea ni kilema. Kisima nilikuwa nakipima kila Jumapili kwa fimbo niliyoitia alama, ili nijue yamebaki maji kiasi gani. Jumapili ya pili nikapima. Yalikuwa yamepungua ndoo zangu mimi tu. Za bibi, moja kila jioni, hazikuwemo. Jioni ile alipokuja sikuingia kuleta taa. Nilikaa nikamtazama anavyonawa miguu. Niliyaona maji yakimwagika kwa macho yangu. Kisha ukungu ukapita kati yetu, alipoondoka nikainama nikashika ile ardhi. Ilikuwa vumbi kavu.

Amini usiamini, sikukimbia. Niliingia ndani, nikakaa kitandani na viatu miguuni mpaka asubuhi.

Kulipokucha nilikwenda kwa Mama Fatu. Nikamweleza yule bibi alivyo, chale zake, kanga yake, macho. Alikuwa anatwanga, akaacha mchi.

"Huyo ni Mama Saidi," akasema.

"Kwa hiyo amerudi kutoka Mtwara?"

"Bwana Shamba, Mama Saidi haoni. Na tangu mwaka jana miguu haimchukui. Saidi kamtoa hapa kambeba ngongoni." Akanitazama kwa mara ya kwanza bila kinyongo. "Kamwambia anampeleka hospitali siku tatu. Yeye kafunga kanga mbili tu. Hakujua nyumba inauzwa. Nyumba hakuiaga."

Nikampigia Saidi simu pale pale, Mama Fatu akisikia. Nikamuuliza mama yake yuko wapi.

"Yupo hapa ndani, Bwana Shamba. Kitandani. Tangu nimlete hajasimama. Kuna tatizo?"

"Mpe simu."

Nilisikia mlango, nikasikia anamwambia kuna mtu anataka kukusalimia. Halafu ikaja sauti. Ile ile. Ile ya kwenye ukingo wa kisima, haina tofauti hata chembe.

"Baba Tumaini?" akasema. "Kufuli umelitoa? Usilirudishe."

Saidi alipochukua simu alikuwa anahema. "Mama amekujuaje? Jina hilo hata mimi silijui."

Basi hapo ndipo Mama Fatu aliponieleza desturi yao. Mtu akiondoka katika nyumba aliyoishi na kuzalia na kuzikia, anaifagia mwenyewe, chumba kwa chumba, kutoka ndani kwenda nje. Anaweka unga wa mtama mlangoni, anawataja wafu wa nyumba ile kwa majina, anawaambia mimi nakwenda na fulani ndiye anayeingia. Asipofanya hivyo, hakuondoka. Kiwiliwili kinaweza kuwa Mtwara, kinaweza kuwa Ulaya, mwenyewe yupo nyumbani anafagia. Si mzimu, alisema Mama Fatu, mzimu ni wa aliyekufa. Huyu yupo hai, ila yupo pasipo mwili wake, na mwili wake unazidi kukauka kila siku.

Wengine wangerudisha nyumba wakadai fedha yao. Niliwaza hilo, sikufichi. Lakini nilimpigia Saidi nikamwambia amlete mama yake aage. Akagoma. "Nikimleta hataondoka," alisema. "Nami siwezi kumwacha huko peke yake, nani atampikia?" Mwishowe akalia, mtu mzima na duka lake. Alisema alidanganya kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kumwona mama yake anatazama nyumba kwa mara ya mwisho. Hapo sikuwa na la kumlaumu. Mimi mwenyewe niliondoka Masasi namna gani?

Alimleta Ijumaa, kwa gari la kukodi, akambeba mgongoni kutoka barabarani. Alikuwa amekonda mara mbili ya yule niliyemzoea, lakini ni yeye. Saidi alipomweka chini, bibi hakulia. Alinyoosha mkono akasema, "Ufagio."

Alifagia ameketi. Alijisogeza kwa makalio kutoka chumba hadi chumba, haoni, na kila kona aliijua. Mama Fatu alileta unga kwenye bakuli. Bibi aliumimina kizingitini kidogo kidogo, akataja majina, la mumewe, la watoto wake wawili waliokufa wadogo, na mengine ya zamani. Kisha akawaambia wafu wake, "Mimi nakwenda kwa Saidi. Anayebaki hapa ni Baba Tumaini. Nsintishe. Hana ntu."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Maneno hayo mawili ya mwisho yalinimaliza. Nikatoka, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mama, baki. Chumba kipo. Mimi nitakupikia." Sikusema kwa wema, nisikudanganye. Nilisema kwa sababu ya jioni.

Akanipapasa uso kwa mkono wenye unga. "Nimeshaaga," akasema. "Ukiaga kisha ukabaki, unaichanganya nyumba." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na wewe ukaage kwako. Wanakuona."

Sikumwelewa. Wakambeba, wakaondoka. Saidi ananiambia siku hizi mama anakula, na anakaa mlangoni kuota jua.

Kwangu hakuja tena. Kufuli nililitoa, majirani wakaanza kuchota, salamu zikarudi kuwa ndefu. Lakini mtu mwenye ndoo kichwani hakai. Jioni ikifika saa kumi na mbili kasoro robo nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba, nasimama, nasikiliza. Majani ya mkorosho yalijaa uwanjani na sikuyafagia. Nilimtendea haki bibi wa watu, nami nikajinyima mgeni niliyekuwa naye. Ule upweke wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Mwezi ukapita, Mama Kelvin akapiga simu kutoka Masasi.

"Shikamoo, baba. Samahani, baba. Mwalimu alinikataza nisikusumbue." Akasitasita. "Ni hivi, kama tumekukosea, tunaomba utuambie. Maana unakuja, tukikusalimia huitiki."

Nikamuuliza nakuja wapi.

"Hapa, baba. Kila jioni, kabla hatujawasha taa. Unakaa barazani, chini, pembeni ya kile kiti. Tulisema mwenye nyumba ana haki ya kuja kuangalia nyumba yake, tukaona haya kukuuliza. Nakuwekea chai, huinywi. Nikirudi hupo, na kikombe kimejaa."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile uliyohama."

Naomba upige hesabu hiyo mwenyewe. Jioni zile nilizokuwa nimekaa Mkunya nazungumza na mtu asiyekuwepo, na mimi nilikuwa nimekaa Masasi, sizungumzi na mtu.

Mama Kelvin alisema mwalimu ameanza kuogopa, na kama sitafanya jambo watahama. Wakihama, kodi hakuna, na kodi ndiyo iliyokuwa inailipia Mkunya. Basi nilijua la kufanya. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu linavyofanywa. Mama Fatu akanipa unga wa mtama, akaufunga kwenye kitambaa. Nikanunua ufagio. Jumamosi nikateremka Masasi.

Nilifika jua limeanza kulala juu ya majabali. Ufunguo wa chumba chetu nilikuwa nimeushika mkononi tangu stendi mpaka ukanitia alama. Mama Kelvin alikuwa anafua, akasimama na povu mikononi, akaniamkia kwa hofu. Kelvin alikuwa anachezea gari la kopo mbele ya baraza. Akanitazama mimi. Akakitazama kiti. Akanitazama tena.

"Mama," akasema, "babu wako wawili."

Mimi nilitazama. Naapa nilitazama kwa nguvu zangu zote. Niliona baraza, niliona kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, na jua kwenye mbao. Hakuna kingine nilichokiona.

"Babu mwingine yuko wapi?" nikamuuliza.

"Hapo chini. Kwa bibi."

Mama Kelvin akasema bibi hamjui, mtoto hajawahi kusema habari za bibi mpaka juzi. Nikachuchumaa. Nikamuuliza huyo bibi amevaa nini.

"Kilemba cha njano."

Kilemba hicho kipo kabatini, kwenye chumba ambacho ufunguo wake nilikuwa nimeushika. Picha aliyovaa kilemba hicho iko humo humo. Mtoto huyu hajawahi kuingia.

"Bibi anasema nini, Kelvin?"

Akainamisha kichwa kidogo kama watoto wanavyosikiliza. Kisha akacheka.

"Anasema chai imepoa."

Nilikaa pale kwenye ngazi. Unga ulikuwa magotini, ufagio pembeni. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua chumba, kufagia, kutaja jina lake, kuaga. Yule aliyekaa chini pembeni ya kiti angesimama, angenifuata, ningekuwa mtu mmoja tena. Kazi ya nusu saa.

Lakini angesimama, umenielewa? Angemwacha.

Sikuumwaga ule unga. Niliusalimia ule upande wa kiti, nikasema, "Chai ya baridi ni dawa ya meno." Nikamuaga Mama Kelvin, yeye tu, nikarudi stendi na kitambaa changu kikiwa kimefungwa vile vile. Kelvin hakuitikia mkono wangu wa kwaheri. Alikuwa anamwangalia yule babu mwingine, ambaye, nadhani, alikuwa ameulizwa kitu.

Mwisho wa mwezi walihama. Waliofuata walikaa wiki tatu, wa baada yao hawakufikisha hata hizo, na sasa nyumba ya Masasi haina mpangaji. Ya Mkunya naitolea fedha kwenye mshahara, na nikistaafu bado nitakuwa naitolea kwenye kiinua mgongo. Nyumba mbili ninazo kweli. Ila katika hii ninayolala, chai haina ladha, ugali hauna ladha, na kuna siku majirani wananisalimia mara mbili ndipo nasikia. Mama Fatu ananitazama anavyomtazama mgonjwa. Ananiambia, nenda kaage, mwili wako unakauka. Namwambia nitakwenda baada ya msimu wa salfa. Msimu umekwisha.

Basi wewe unayefikiria kupangisha yako ili ununue nyingine, sikia maneno ya mtu aliyepitia. Mkataba andika, shahidi weka, yote hayo ni mazuri. Lakini siku ya kutoka usipande gari kama unayekwenda kununua chumvi. Shika ufagio mwenyewe. Fungua kila chumba, hasa kile usichotaka kukifungua. Taja majina, na kiti kipandishe kwenye gari. Tena fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla hujajua ni nani anayekungoja katika hiyo unayoiacha, maana ukishajua hutaweza. Mimi ni msomi wa kilimo, nina unga kwenye kitambaa umening'inia ukutani, na siwezi.

Sasa hivi ni saa kumi na moja na nusu. Muda si mrefu yule wangu wa Masasi atakuwa amefika barazani, atakuwa ameambiwa chai imepoa. Mimi nakwenda kuteka maji.